Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Mwanachuoni wa Mvita aliyetoa gazeti

Mnamo mwaka 1930 wenyeji wa Mji wa Kale, Mombasa, walianza kupata kila wiki kikaratasi kilichoandikwa kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu. Jina lake lilikuwa Sahifa. Hakikuwa na picha, wala habari za bei za pembe, wala matangazo ya meli. Kilikuwa na makala fupi fupi juu ya mambo ambayo watu huyazungumza barazani kila siku: arusi zimekuwa ghali, vijana hawataki kazi za mikono, mashamba yanauzwa, watoto wasomeshwe nini, na kwa nini Waislamu wamebaki nyuma ilhali wengine wanakwenda mbele.

Aliyekiandika alikuwa ni mwanachuoni wa darsa za msikitini, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu. Leo jina lake linajulikana pwani nzima, ila wengi wanalijua kwa sababu ya ukadhi wake, au kwa sababu ya mwanawe. Ni haki kumkumbuka kwa kikaratasi hicho, maana ndicho kilichokuwa cha kwanza cha namna yake, na ndicho kilichomgombanisha na baadhi ya watu wa mji wake.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi, alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alifariki mwaka 1894, mtoto hajajua hata kuandika alifu. Akalelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali bin Khamis Mazrui, ambaye naye alikuwa kadhi, na ambaye baadaye akamwoza binti yake.

Msomaji na atazame hesabu ya miaka. Ukoo wa Mazrui ulitawala Mombasa mpaka mwaka 1837, uliponyang'anywa mji na Seyyid Said. Mwaka 1895 Mazrui wa Gazi, wakiongozwa na Sheikh Mbaruk bin Rashid, walinyanyua silaha dhidi ya Waingereza, na mwaka 1896 wakashindwa, Mbaruk akakimbilia kwa Wajerumani upande wa Tanganyika. Na mwaka huo huo wa 1896 ndipo ilipoanza kutandikwa reli kutoka Mombasa. Al-Amin alikuwa na miaka mitano. Mtoto wa nyumba iliyokuwa ya watawala alikua akiona bunduki za jamaa zake zimenyamazishwa na chuma cha wageni kinaelekea bara. Ilipofika mwaka 1901 reli hiyo ilikwisha panda milima ya Mau, ikapita pande za Londiani na Kedowa, katika nchi ya Wakipsigis, na kuteremka mpaka ziwani Kisumu. Bandari ya Mombasa, iliyozoea kungojea majahazi ya kaskazi, ikawa sasa inangojea mabehewa.

Nadhani hapa ndipo penye asili ya fikra zake. Swali alilokua nalo ni lile lile lililowasumbua wanachuoni wa Misri: wenzetu wametushinda kwa nini?

Alisoma kwanza Mombasa, kisha akavuka kwenda Unguja, ambako elimu ya zama hizo ilikuwa imekusanyika. Huko alisoma kwa Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit na kwa Sheikh Abdallah Bakathir, mabahari wawili wa elimu ambao wote walifariki mwaka 1925. Hawa walikuwa ni watu wa njia ya Masharifu wa Hadhramaut, watu wa adabu na nyiradi. Na wakati huo huo kijana alikuwa akisoma jarida la Al-Manar, lililoanzishwa Cairo mwaka 1898 na Rashid Rida, mwanafunzi wa Sheikh Muhammad Abduh. Kwa hiyo kifuani mwake zilikutana njia mbili: ya walimu wake wa Unguja na ya watengenezaji wa Misri. Wako wanaopenda kumweka upande mmoja tu. Mimi sioni kwamba aliacha kuwaheshimu walimu wake hata siku moja, ijapokuwa alikataa baadhi ya ada ambazo watu wa zama zake walizihesabu kuwa ni dini.

Sasa tuirudie Sahifa. Jambo la kwanza la kutazama ni lugha. Wanachuoni wa wakati ule waliandika kwa Kiarabu walipotaka kusikizwa na wenzao. Sheikh Al-Amin aliandika Kiswahili cha Mvita, kile kile cha sokoni na jikoni, na akatumia herufi ambazo kila mtoto aliyepita chuoni alizijua. Kwa njia hiyo mwenye duka aliweza kusoma, baharia aliweza kusoma, na mwanamke aliye ndani aliweza kusoma au kusomewa. Baada ya Sahifa likaja Al-Islah, mwaka 1932, lililotoka kwa Kiswahili na Kiarabu. Maana ya jina hilo ni kutengeneza kilichoharibika, na hiyo ndiyo kazi aliyoitaka.

Alisema nini humo? Fikra iliyorudi mara kwa mara ni hii ya kuiga. Aliwatazama vijana wa mji wakivaa suruali na kofia za Kizungu, wakijifunza ngoma za Kizungu na wengine hata ulevi, wakadhani wamestaarabika. Yeye akauliza, kwa maneno makali, mbona wameiga ya nje wakaacha ya ndani? Mzungu hakuivuka bahari kwa sababu ya kofia. Alivuka kwa elimu, kwa kushika wakati, kwa kufanya kazi bila ya kuona haya, na kwa kusaidiana yeye na mwenzake. Hayo, kwa maoni ya Sheikh, hayakuwa mali ya Wazungu hata mtu aone tabu kuyachukua. Waislamu walikuwa nayo wakayaacha.

Kwa hivyo si kweli kwamba alikuwa adui wa vitu vipya, kama walivyodhani baadhi ya watu. Mtu anayechukia vitu vipya hatoi gazeti. Aliona kwamba elimu ya dunia na ufundi ni wajibu wa umma, na kwamba umma usiokuwa na mafundi wake utabaki kununua kila kitu kwa wengine. Ila alitaka ustadi uje pamoja na dini, usije ukaitoa. Akasisitiza Kiarabu na dini zisomeshwe pamoja na elimu nyingine, na akaonya juu ya kupeleka watoto katika shule za misheni kwa tamaa ya kujua Kiingereza. Akataka pia watoto wa kike wasomeshwe, jambo ambalo kwa mwaka 1930 halikuwa jepesi kulisema mbele ya wazee wa mitaa.

Juu ya kazi alikuwa mkali zaidi. Utumwa ulifutwa pwani ya Kenya mwaka 1907, na watu waliozoea kulimiwa walijikuta wana ardhi na hawana mikono. Wengi wakauza. Wengine wakaweka rehani nyumba na minazi ili wafanye arusi ya siku saba, au hitima ya kuonyesha watu, na baada ya biriani kuliwa, mwenye kukopesha akaja kuchukua chake. Sheikh Al-Amin aliliona jambo hili kuwa ni msiba mkubwa kuliko kushindwa vitani. Ardhi iliyonyang'anywa kwa nguvu, mwenyewe ana la kusema. Iliyouzwa kwa ajili ya ngoma na pilau, atasema nini?

Hapa naomba ruhusa ya msomaji niende kando kidogo. Huko bara, katika nchi ya chai ya Kericho ambako Kedowa ipo, watu wamekuwa wakibishana juu ya mashine za kuchuma chai zinazofanya kazi ya mikono mingi. Mwezi wa Mei 2023 ghadhabu zilizidi, mashine kadhaa zikachomwa moto. Wakipsigis walikwisha poteza ardhi yao kwa mashamba makubwa ya chai yaliyoanza miaka ya 1920, kisha wakawa vibarua katika ardhi ile ile, na sasa hata ukibarua unaingia wasiwasi. Sheikh Al-Amin hakuandika juu ya chai. Lakini mzee wa Kedowa na mzee wa Mombasa wa mwaka 1930 wangeelewana upesi: chombo kimekuja, mwenye chombo ni mwingine, nasi tumebakiwa na nini? Jawabu la Sheikh halikuwa kukivunja chombo, bali watoto wajifunze kukiunda na kukimiliki. Iwapo jawabu hilo linamtosha mtu ambaye mshahara wake umekatika leo, hilo ni jambo jingine, na pengine kasoro ya maneno ya Sheikh ni kwamba aliwalaumu sana walioshindwa, na akawataja kidogo waliowashinda.

Kasoro hiyo inatupeleka kwenye siasa. Sheikh aliandika chini ya utawala wa Waingereza, katika mwambao ambao kwa jina ulikuwa bado wa Sultani wa Zanzibar. Wakati huo watu wa Mombasa walikuwa wamegawanyika juu ya nani aitwe Mwarabu na nani asiitwe, kwa sababu Serikali ilitoa haki kwa kabila. Waarabu walikuwa na chama chao, na mwaka 1927 wengine, hasa wa Mataifa Kumi na Mawili, wakaunda Afro-Asian Association. Ndugu waliosali safu moja wakawa hawaamkiani. Sheikh Al-Amin alishikilia umoja wa Waislamu, na akaona husuda na ufarakano kuwa ni ugonjwa unaowaua kabla ya adui kufika.

Mwaka 1932 akafanywa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Al-Islah halikudumu sana baada ya kupata ukadhi. Wako waliosema kwamba Serikali ilimfunga mdomo kwa cheo. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa mtu anayekula mshahara wa dola hawezi kusema kila kitu. Lakini mwaka 1944, hali yeye ni Kadhi Mkuu, makala za Sahifa zilikusanywa zikatolewa kitabu kwa jina la Uwongozi. Aliyejuta maneno yake hayachapishi mara ya pili.

Tena kalamu haikulala. Aliandika vitabu vya kusomeshea watoto dini, akaandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa ukoo wake, na akaanza kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili. Kazi hii ilikuwa na haraka yake: tafsiri iliyokuwapo ilikuwa ya padre, Godfrey Dale wa Unguja, iliyotoka mwaka 1923, na Waislamu hawakuiridhia. Hakuwahi kuimaliza. Alifariki tarehe 1 Aprili 1947, akiwa na umri wa miaka 56.

Waliobaki waliishika kazi. Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, mwanafunzi wake, alikuja kuwa Kadhi Mkuu, na baada yake Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye naye alichota katika elimu yake. Huyu wa pili ndiye aliyetoa mwaka 1969 tafsiri kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili. Na mwaka 2017 makala za Uwongozi zilichapishwa tena, Kiswahili chake kikiwa ubavuni mwa tafsiri ya Kiingereza, huko Leiden, Uholanzi.

Mwanawe Ali alikuwa na miaka 14 tu baba alipofariki. Sheikh alikuwa amenuia kumpeleka Al-Azhar awe mwanachuoni kama yeye. Haikuwa. Kijana alianza na ukarani mjini Mombasa, akaenda Uingereza na Marekani, akawa profesa anayebishana na dunia nzima juu ya Afrika, Uislamu na Uzungu, yaani yale yale ya Sahifa, kwa lugha nyingine. Alipofariki Marekani mwezi wa Oktoba 2014 alirudishwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya Mazrui, karibu na Ngome ya Yesu.