Mwenda wa Bayeke: mutoto wa Bunkeya na gitaa kavu yenye ilisahauliwa kwao

Mu teritware ya Lubudi, kwenye uwanda wa karibu na mto Lufira, ndiko iko Bunkeya. Watu wengi wanaijua Bunkeya kwa sababu ya Msiri, mufalme wa Bayeke. Yeye alitoka na watu wake upande wa Unyamwezi, mu Tanzania ya leo, akashika biashara ya shaba na pembe, na akauawa tarehe 20 Desemba 1891, wakati wazungu walikuja kukamata Katanga. Masomo ya historia yanafundisha ile habari. Lakini kuna mutoto mwingine wa Bunkeya, mwenye jina lake lilifika Nairobi, Marekani na Ulaya, na vijana wengi wa kwao hawajawahi kumusikia hata mara moja.

Anaitwa Jean-Bosco Mwenda. Alizaliwa Bunkeya mu mwaka wa 1930. Mwenda ni jina la heshima kati ya Bayeke: Msiri mwenyewe alilibeba, na wafalme wenye walikuja nyuma yake wanalibeba. Bosco hakutawala watu. Alishika gitaa.

Muziki wenye ulizaliwa mu makambi

Ili kumuelewa Bosco, ni lazima kukumbuka Katanga ya wakati ule. Union Minière ilikuwa imeanza mu mwaka wa 1906, na mashimo ya shaba yaliita watu kutoka kila upande: Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini yenye leo ni Zambia, na vijiji vya Basanga, Baluba, Balunda na Bayeke. Mu makambi ya wafanyakazi wa Jadotville, Kolwezi na Elisabethville, mutu alilala ukuta kwa ukuta na jirani mwenye hakusema luga yake. Kiswahili ndicho kiliwaunganisha, kile chetu cha Katanga, chenye wengine wanaita Kingwana.

Gitaa nayo iliingia kwa njia ileile, njia ya kazi na biashara. Ilikuwa gitaa ya mbao na nyuzi za chuma, bila umeme: gitaa kavu. Haikuhitaji orkestra wala mashini. Mutu alitoka kazini, akakaa mbele ya nyumba, akapiga, na majirani wakakusanyika. Kijana mwenye alijua kupiga muzuri alikaribishwa ku ndoa, ku sikukuu na mahali pa pombe.

Bosco aliingia mu ule muchezo na masikio wazi. Mu vidole vyake kulikuwa nyimbo za Bayeke, za Basanga na za Baluba. Kulikuwa tena santuri za Cuba, zenye zilikuwa zinachezwa ku gramafoni mu miji, na muziki wa upande wa Zambia. Alichukua yote, akaitengeneza kwa namna yake. Hili ni jambo la kushika, kwa sababu watu wanaposema juu ya muziki wa asili, wanafikiri mara nyingi kitu chenye hakijaguswa na wageni. Muziki wa Bosco haukuwa vile. Gitaa yenyewe ilitoka Ulaya. Lakini mwenye alisikia nyimbo zake mu kambi ya Jadotville alijua palepale kwamba zinatoka kwao.

Mwaka wa 1952, Jadotville

Mu mwaka wa 1952, Hugh Tracey, Muingereza mwenye aliishi Afrika Kusini, alipita mu Katanga na mashini za kurekodi. Kazi yake ilikuwa kukusanya muziki wa Afrika mbele haujapotea. Jadotville, yenye leo tunaita Likasi, ndiko alimukuta Bosco, kijana wa miaka 22, akarekodi nyimbo zake. Moja iliitwa Masanga, ingine Bombalaka. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilizitoa ku santuri, na zikaanza kutembea.

Kwa nini Masanga ilishika watu hivi? Tuangalie mukono. Bosco alipiga kwa vidole viwili tu vya mukono wa kuume, kidole gumba na kidole cha kufuata. Gumba ilitembea chini ku nyuzi nzito, na ile ingine ilitoa sauti ya juu, na zile njia mbili hazikutembea sawasawa: moja ilikuwa inapita kati ya nafasi za ingine, sawa ngoma mbili zenye zinaongea. Mwenye anasikia mara ya kwanza anafikiri ni watu wawili wanapiga. Mu miaka ya 1960, mwalimu mumoja wa muziki, David Rycroft, aliandika mapigo ya Bosco mu alama za muziki, moja kwa moja, ili wasomi waelewe namna inafanyika. Ilikuwa kazi ngumu, kwa sababu Bosco hakurudilia wimbo namna moja. Kila mara aliupiga upya.

Yule Tracey, miaka miwili mbele ya kufika Jadotville, alikuwa amerekodi huko Kenya wasichana wa Kipsigis wenye walikuwa wanaimba wimbo unaoitwa Chemirocha. Lile jina lilitoka kwa Jimmie Rodgers, muimbaji wa Marekani mwenye wanamuita baba wa muziki wa country, mwenye alikufa mu mwaka wa 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika mpaka mu vijiji vya Kericho, na wale wasichana walimugeuza kuwa mutu wa hadisi zao. Nyimbo zinatembea. Jina la muimbaji wa Marekani liliingia mu wimbo wa Kipsigis, na wimbo ukabaki wa Kipsigis, sawa vile gitaa ya Ulaya iliingia mu Jadotville na muziki ukabaki wa Katanga.

Nairobi, kisha Newport

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Bosco alienda Nairobi, akakaa kule wakati fulani. Alipewa kipindi cha kila mara ku redio, na Kiswahili chake, hata kama kilikuwa na ladha ya kwetu, kilieleweka kule vizuri. Wapiga gitaa wa Kenya walimusikiliza, wakajifunza vidole viwili, na kizazi kizima kikafuata njia ile. Ndugu yake Edouard Masengo, naye wa Katanga, alipita ile njia ya Nairobi. Losta Abelo naye alikuwa wa kizazi kile. Kwa miaka kidogo, gitaa kavu ya Katanga ilikuwa muziki wenye Afrika Mashariki iliifuata.

Nyumbani, mambo yalikuwa yanachacha. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilijitenga, na vita haikuisha mpaka Januari 1963. Bosco aliishi sehemu kubwa ya maisha yake mu Elisabethville, yenye iliitwa Lubumbashi kuanzia 1966. Mu mwaka wa 1969 alivuka bahari, akapiga ku sikukuu ya muziki ya Newport, kule Marekani, mbele ya vijana wenye walikuwa wanatafuta muziki wa gitaa usiokuwa na umeme.

Hata vile, mutu wa Newport hakuweza kula kwa gitaa mu Lubumbashi. Alifanya kazi ku banki. Alifanya kazi ku Gécamines, ile kampuni ya serikali yenye ilirizi mashimo ya Union Minière. Aliongoza orkestra. Alikuwa na hoteli karibu na mupaka wa Zambia. Gitaa ilikuwa ya saa ya jioni.

Nani aliamua kitu cha asili ni nini?

Wakati ule muziki wa Kongo ulikuwa umeshahama. Mu Léopoldville, wafanyabiashara Wagiriki walikuwa wamefungua manyumba ya kurekodi, Ngoma, Opika na Loningisa, tangu mwisho wa miaka ya 1940. African Jazz ilianza mu 1953, OK Jazz mu 1956. Orkestra kubwa, gitaa za umeme, tarumbeta, Lingala. Ulikuwa muziki muzuri sana, na watu wa Katanga walicheza nao sawa wengine. Lakini nyumba za kurekodi zilikuwa kule, redio kubwa ilikuwa kule, na feza ilikuwa kule. Mutu mumoja na gitaa kavu, mwenye anaimba mu Kiswahili juu ya mambo ya kambi, hakuwa tena na mulango wa kupitia.

Kisha ikakuja siasa. Mu mwaka wa 1971 inchi ikaitwa Zaire, na Katanga ikaitwa Shaba. Mobutu alitangaza kurudia mambo ya asili, yale yaliitwa authenticité. Mu 1972 majina ya ubatizo yakakatazwa. Jean-Bosco akaacha Jean-Bosco, akawa Mwenda wa Bayeke, Mwenda wa watu wake. Jina lilikuwa la kweli kabisa, na ku santuri za nyuma ndilo linaonekana.

Hapa ndipo jambo linauma. Mu miaka yenye neno asili lilikuwa linapigiwa kelele ku redio na mu viwanja vya mupira, musaada na sifa vilienda ku orkestra kubwa za Kinshasa na ku vikundi vya kuimba sifa za chama. Mutu mwenye alikuwa amechukua nyimbo za Basanga na Bayeke, akaziingiza mu maisha ya muji, akaziimba mu luga ya wafanyakazi wa shaba, aliendelea na kazi yake ingine. Serikali ilimupa jina la asili, lakini muziki wake haikuutafuta.

Kongo haikuwa peke yake. Kule Marekani, mu miaka ileile ya 1950 na 1960, wenye kutengeneza santuri mu muji wa Nashville walianza kuongeza vinanda na kwaya mu muziki wa country, ili uuze mu miji mikubwa. Wazee wenye walikulia na gitaa na banjo walilalamika kwamba muziki wao umeuzwa, na mpaka leo wanalalamika. Mara nyingi wanafikiri kosa ni kuchanganya. Maisha ya Bosco yanaonyesha ingine. Yeye alichanganya zaidi kuliko wengi, na hakupoteza kitu. Muziki wa Katanga ulipotea wakati watu wa Katanga hawakukuwa tena wenye kuamua kitu gani kinarekodiwa na kitu gani kinapita ku redio.

Wageni wanarudi

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, wageni walianza kumutafuta tena. John Low, mupiga gitaa Muingereza, alikuja Shaba akitafuta wapigaji wa zamani, akaandika kitabu juu ya safari ile. Mu 1982 Bosco alienda Ulaya. Mu 1988 alirekodi mu Cape Town, na zile nyimbo zikatoka ku santuri kisha kifo chake. Wengi walitaka asikike sawa kijana wa 1952. Yeye alikuwa muzee wa karibu miaka 60, mwenye alikuwa ameishi vita, majina mawili ya inchi na kazi nyingi. Alipiga Masanga tena, na kama kawaida yake, hakuipiga namna moja na zamani.

Mu Septemba 1990, Mwenda wa Bayeke alikufa mu ajali ya gari mu Zambia, ku njia zenye alizizoea.

Kitu gani kimebaki

Rekodi za 1952 hazikupotea. Zinachungwa mu Makhanda, Afrika Kusini, ku nyumba ya kuchunga muziki wa Afrika yenye Tracey alianzisha mu 1954, na zimetoka tena ku CD mu Ulaya. Mu inchi za mbali kuna wapiga gitaa wenye wamejifunza Masanga kidole kwa kidole. Mwanafunzi wa London anaweza kueleza gumba ya Bosco inaenda namna gani, na kijana wa Bunkeya mwenye ana gitaa mukononi hajui kwamba ile gumba ilitoka mu kijiji chake.

Lualaba imekuwa jimbo peke yake tangu 2015, na kila siku magari ya shaba na kobalti yanatoka Kolwezi kuelekea mupaka. Watu wa hapa wanajua vizuri maana ya kitu kuchimbwa kwao, kusafishwa kwingine, na kurudi kwa bei ya juu ao kutorudi kabisa. Muziki wa Mwenda ulifuata njia ile. Lakini wimbo hauko sawa na jiwe. Ile yenye iko Makhanda inaweza kusikiwa Lubudi kesho, kwa simu, na Makhanda haitapungukiwa na kitu. Vidole viwili vinatosha kuanza kuupiga, na wazee wenye walicheza kwa ule muziki mu makambi, wenye wanaweza kusema kama kijana anaupiga vizuri, wangali wako kidogo.