Willis Carrier: Alitaka kukausha hewa, dunia ikapata kiyoyozi

MWAKA 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kundi la watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar hadi Masasi, ambako chini ya vilima vya mawe walianzisha makazi ya misheni. Novemba 26 mwaka huohuo, katika shamba lililokuwa karibu na mji mdogo wa Angola, jimbo la New York nchini Marekani, alizaliwa Willis Haviland Carrier. Matukio hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote, lakini leo kifaa kilichotokana na ubunifu wa Carrier kinaning'inia katika kuta za ofisi, nyumba za wageni na vyumba vya kulala vya mji huo wa kusini.

Carrier alikuwa mtoto wa pekee. Hesabu za sehemu zilipomshinda shuleni, mama yake, Elizabeth, alimtuma kuleta matofaa, wakayakata nusu, robo na thumni mpaka akaelewa. Mama huyo alifariki dunia Willis akiwa na miaka 11. Kijana alisoma Chuo Kikuu cha Cornell kwa ufadhili, huku akifanya vibarua vya kufyeka majani na kuchochea matanuri. Alihitimu mwaka 1901 na kuajiriwa na kampuni ya Buffalo Forge kwa mshahara wa dola 10 kwa wiki.

Mwaka uliofuata alipewa tatizo la kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms huko Brooklyn. Siku za unyevu karatasi zilitanuka, siku kavu zilisinyaa, na kwa kuwa kila rangi ilichapwa peke yake, picha ziliharibika. Julai 17, 1902 Carrier alikamilisha michoro ya mtambo uliopitisha hewa juu ya mabomba ya baridi, maji yaliyomo hewani yakageuka matone na kudondoka. Lengo lilikuwa kubakiza unyevu wa asilimia 55. Raha ya binadamu haikuwa sehemu ya kazi hiyo. Kilichotunzwa ni karatasi.

Baadaye, akisubiri treni mjini Pittsburgh jioni moja ya ukungu, aling'amua kwamba hewa ya baridi, hata ikijaa ukungu, huwa imebeba maji machache. Hivyo angeweza kuikausha hewa kwa kuipitisha katika manyunyu ya maji baridi, jambo ambalo kwa wengi lilionekana kichekesho. Alipata hataza mwaka 1906, na mwaka 1911 aliwasilisha mbele ya wahandisi wa mitambo wa Marekani kanuni za uhusiano wa joto na unyevu, ambazo ndizo msingi wa fani hiyo hadi leo.

Mwaka 1915 yeye na wenzake sita waliunda kampuni yao. Mwaka 1925 waliweka mtambo katika ukumbi wa sinema wa Rivoli, New York, na watu wakaanza kulipia ubaridi sawa na filamu. Viyoyozi vya majumbani vilienea hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, na Carrier hakuyaona mengi ya hayo. Alifariki Oktoba 7, 1950 akiwa na miaka 73.

Kanuni zake zinaeleza vizuri hali ya Masasi. Oktoba, kabla ya mvua, jua ni kali lakini jasho hukauka upesi, na mara nyingi feni inatosha. Januari, mvua zikiwa zimeshika, joto lilelile huchosha zaidi kwa sababu jasho halikauki. Hapo kinachohitajika ni kukausha hewa, kazi ambayo viyoyozi vingi huifanya kwa kitufe chenye alama ya tone la maji. Kushusha rimoti hadi nyuzi joto 16 hakupoozi chumba haraka zaidi. Kunaifanya kompresa isipumzike. Mashine inayovuta kilowati moja bila kupumzika kwa saa nane humaliza uniti nane za LUKU, na hizo ni za usiku mmoja tu. Kiasi cha nyuzi 25, milango ikiwa imefungwa na feni ikizunguka taratibu, kinatosha kwa usingizi.

Afya nayo inahusika. Viyoyozi vingi vya ukutani huzungusha hewa ileile ya chumbani, hivyo madirisha yafunguliwe asubuhi, chujio lioshwe kila baada ya wiki chache, na mdomo wa mashine usielekezwe kwenye kitanda cha mtoto mchanga au mzee.

Newala ni habari nyingine. Mji huo uko juu, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde unaotazama bonde la Ruvuma, na upepo wake huwafanya wageni watafute sweta. Anayejenga huko hupata nafuu zaidi kwa madirisha yanayotazamana, paa lenye dari na miti upande wa magharibi, kabla ya kufikiria kununua mashine.