Maisha ya Mtemi Mirambo na Ufundishaji wa Vita vya Rumi na Mashariki

Mwanafunzi wa historia ya kale ya Rumi hukutana na vita vilivyozuka mara kwa mara, kwa karibu miaka 700, baina ya dola hiyo na dola za mashariki: kwanza ya Waparthi, kisha ya Waajemi wa ukoo wa Sasani. Mara nyingi hukariri miaka ya mapigano, akafaulu mtihani, wala asijue watu hao waligombania nini. Lakini mwalimu anayefundisha Tabora anayo karibu naye njia ya kale ya misafara, iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, na maisha ya mtu aliyeigombania. Mtu huyo ni Mtemi Mirambo. Yafaa aanze naye.

Mirambo alizaliwa yapata mwaka 1840. Baba yake, Kasanda, alikuwa mtemi wa Uyowa, nchi ndogo ya Wanyamwezi magharibi ya Tabora. Katika ujana wake Wangoni waliivamia Unyamwezi, naye akajifunza mbinu zao za vita. Aliporithi utemi alikusanya vijana walioitwa rugaruga, akawapa bunduki na mikuki, akazitwaa nchi za jirani moja baada ya nyingine.

Wakati huo Waarabu na wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kukaa Tabora, katika Unyanyembe. Mtemi Mnywa Sere alipotaka kutoza ushuru bidhaa zao, walimwondoa, wakamkalisha Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere alipigana nao mpaka alipouawa mwaka 1865. Hapa mwalimu asimame kidogo, awaeleze wanafunzi juu ya Armenia, nchi iliyokuwa kati ya Rumi na Waparthi. Kila upande ulitaka kumweka pale mfalme wake. Mwanafunzi aliyekwisha kuelewa kwa nini wenye misafara walimhitaji Mkasiwa hatashangaa kwamba majeshi makubwa yalimwaga damu kwa ajili ya kiti cha ufalme cha nchi ya watu wengine.

Mirambo naye alidai hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi yake. Neno hilo lilikuwa bado halijachukua maana ya rushwa. Mwaka 1871 ugomvi ukawa vita. Waarabu wa Tabora, pamoja na Stanley aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone, walikwenda kumshambulia. Waliiteka ngome yake moja, wakaanza kurudi na pembe za ndovu na mateka. Mirambo akawavizia katika majani marefu, akawaua wengi. Mwezi huo huo wa Agosti akaishambulia Tabora yenyewe. Mwalimu alinganishe tukio hili na lile la Carrhae, mwaka 53 K.K. Huko wapanda farasi wa Kiparthi walijifanya wanakimbia, mwana wa jemadari Crassus akawafuatia, akaangamia pamoja na kikosi chake. Baba naye aliuawa baada ya siku chache.

Vita viliikata njia ya Ujiji. Sultani Barghash wa Zanzibar alipeleka askari, nao hawakuweza kumshinda Mirambo. Mwishowe pande zote mbili ziliona kwamba njia iliyofungwa haimlishi mtu, zikapatana. Rumi nayo ilipata kwa maneno mambo ambayo panga zilishindwa kuyaleta. Mwaka 20 K.K. Augusto alirudishiwa bendera za Crassus kwa mapatano; na mwaka 66 Nero alimvika taji la Armenia mwana wa ukoo wa kifalme wa Parthi.

Baada ya amani Mirambo alimpokea mmisionari Southon, akatafuta urafiki na balozi wa Uingereza huko Zanzibar, ili afanye biashara bila kuwategemea wakubwa wa Tabora. Mwaka 1880 Wazungu wawili waliuawa katika shambulio la askari wake, na urafiki huo ukaharibika. Alifariki tarehe 2 Desemba 1884. Dola yake ilivunjika upesi, na Unyanyembe ya Mtemi Isike ikashindwa na Wajerumani mwaka 1893. Kadhalika Rumi na Uajemi zilichoshana katika vita vya mwaka 602 hadi 628, na miaka michache baadaye majeshi ya Waarabu yaliitwaa Shamu na kuuteka mji wa Ctesiphon.

Hata hivyo mwalimu asiulazimishe mfano. Awape wanafunzi kazi ya kutafuta mahali unapokoma. Watagundua kwamba dola ya Mirambo ilisimama juu ya mtu mmoja, hali Rumi na Uajemi zilikuwa na makarani, sheria na kodi zilizoishi kuliko wafalme. Watagundua pia kwamba misafara ya huku ilibebwa mabegani na wapagazi, si juu ya ngamia.

Stanley alimfananisha Mirambo na Napoleon, akimpima Mnyamwezi kwa kipimo cha Ulaya. Mwanafunzi wa Tabora anaweza kukigeuza kipimo hicho. Akimjua Mirambo vizuri, atakuwa na njia ya kumpima Crassus, na historia ya kale haitakuwa tena mali ya watu wa mbali.