PAPA SIMON KIMBANGU KATI YA MISIONI MBILI



Katika nyumba zetu za Kadutu, Bagira na Ibanda, mara nyingi baba anaenda misa, mama anaenda kwa Waprotestanti, na mtoto anasali kwetu. Siku zote wanakula pamoja bila shida. Lakini siku ya ndoa au ya msiba ulizo linaingia: nani ana ruhusa ya kubariki na kuzika? Na yule marehemu, je, ameokoka? Hapo ndugu wa tumbo moja wanageuziana mgongo mbele ya jeneza. Kwa sababu hiyo nimeona vema tukumbuke maisha ya Papa Simon Kimbangu, maana ulizo hilo lilimfuata tangu ujana wake hata kaburini.

Alizaliwa Nkamba, katika Kongo ya Chini, mwaka 1887. Wazazi wake walikufa mapema, akalelewa na shangazi yake Kinzembo. Wakati huo misioni mbili zilikuwa zikishindana katika inchi ile. Mapadri walifundisha kwamba mamlaka ya Kanisa imetoka kwa mtume Petro, ikashuka kwa Baba Mtakatifu wa Roma na maaskofu, na kwamba neema inamfikia mtu kwa njia ya sakramenti. Waprotestanti walifundisha kwamba mtu anaokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, na kwamba mamlaka iko katika Biblia. Simon alisoma kwa Wabaptisti Waingereza wa Ngombe Lutete, akabatizwa huko mwaka 1915 pamoja na mke wake, Mama Marie Mwilu.

Mwaka 1918, homa kubwa ilipokuwa ikiua watu wengi, alisikia sauti ya Bwana ikimwita kuchunga kondoo. Alijiona hawezi, akakataa. Kwa misioni pia hakupewa kazi ya mwalimu, kwa kuwa hakusoma vizuri vya kutosha. Akakimbilia Kinshasa kutafuta kazi, lakini sauti ikamfuata hata kule. Akarudi kijijini.

Tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji cha Ngombe Kinsuka, aliingia katika nyumba ya mwanamke mgonjwa, akaweka mikono juu yake na kumwombea kwa jina la Yesu. Mwanamke yule akapona. Habari ikaenea upesi. Watu waliacha mashamba na kazi za Wazungu, wagonjwa wakabebwa mpaka Nkamba. Yeye aliwahubiri toba, akawaambia watupe sanamu za uchawi, waache ngoma za uchafu, na kila mwanaume awe na mke mmoja.

Hapo misioni zote mbili zilifazaika. Mapadri waliona wakristo wao wakiacha mafundisho na kwenda kwa mtu asiyetumwa na askofu yeyote. Waliiomba serikali imzuie, na walisema haya ndiyo matunda ya Waprotestanti, wanaompa kila mtu Biblia aisome na kuifasiri mwenyewe. Kwa Waprotestanti kulikuwa na mgawanyiko. Wengine waliona uamsho, wengine wakaogopa, maana Wabelgiji walikuwa tayari wanawashuku kuwa wageni wanaochochea watu. Basi mmoja alimwuliza Simon ni askofu gani aliyemtuma, mwingine akamwuliza cheti chake.

Mwezi wa Juni askari walikwenda kumkamata, akaponyoka. Lakini tarehe 12 Septemba 1921 alijitoa mwenyewe Nkamba, wala hakuruhusu watu wake wapigane. Alihukumiwa na baraza la kijeshi huko Thysville, leo Mbanza-Ngungu, bila mwanasheria wa kumtetea. Tarehe 3 Oktoba walimhukumu fimbo 120 na kifo. Wamisionari wa Kiprotestanti waliomba ahurumiwe, na tendo hilo jema tusilisahau. Mfalme Albert wa Kwanza akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha.

Alipelekwa Elisabethville, leo Lubumbashi, mbali sana na kwao. Akakaa gerezani miaka 30. Mwana wake mkubwa, Charles Kisolokele, alitiwa katika shule ya Boma, chini ya watawa Wakatoliki. Wafuasi wengi walihamishwa kwa nguvu mpaka pembe zote za Kongo, wengine wakafika Lowa, kwenye mto Lualaba, upande wetu wa mashariki. Mama Mwilu alibaki Nkamba akilinda kundi kwa siri.

Papa Simon alifariki tarehe 12 Oktoba 1951. Na hata hapo mabishano hayakuisha. Upande wa Kikatoliki ilisemwa kwamba alibatizwa tena akiwa kitandani, ya kwamba alikufa Mkatoliki. Jamaa yake na wafuasi walikataa kabisa. Tazameni jambo hili: mtu aliyekaa miaka 30 bila kundi, bila mimbara, sasa anagombaniwa akiwa maiti!

Serikali ililitambua kanisa tarehe 24 Desemba 1959, miezi michache baada ya Mama Mwilu kulala. Mwaka 1960 mifupa ya Papa Simon ilirudishwa Nkamba. Na tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko katika Kongo yote. Mkatoliki na Mprotestanti wanapumzika pamoja nasi.

Wapendwa, mimi ni shemasi tu, sina elimu ya kukata shauri ambalo wakubwa wameshindwa kulikata tangu zamani za Luther. Lakini ninaona jambo moja. Mamlaka ya Papa Simon haikuonekana katika cheti wala katika kiti. Ilionekana alipomwekea mgonjwa mikono, alipozuia watu wake wasimwage damu, na alipovumilia kifungo bila kuwaacha. Sisi tuliopata leo vyeo na mihuri tujihazari, tusije tukamfukuza mlangoni maskini ambaye Bwana amemtuma bila kutuuliza.

Na siku ya msiba nyumbani kwako, ikiwa ndugu yako Mkatoliki anataka padri, mpishe, umshike mkono, mlie pamoja. Hukumu ya marehemu haiko mikononi mwetu. Upendo, Amri na Kazi: tuanze na ule wa kwanza.

Amina.