George Smith wa Glenlivet: Kutoka magendo hadi leseni

Na Mwandishi Wetu, Rubavu

Mji wa Gisenyi unajua pombe za namna mbili. Ya kwanza ina anwani. Ni bia ya kiwanda cha Bralirwa, kilichoanzishwa hapa kando ya Ziwa Kivu mwaka 1957, ambayo hupakiwa kwenye malori mchana kweupe, dereva akiwa na stakabadhi zake mkononi. Ya pili haina anwani. Ni kanyanga, pombe kali iliyopigwa marufuku nchini Rwanda, ambayo hupitishwa usiku kwenye madumu kwa njia za panya. Anayekamatwa nayo hupoteza mzigo, na mara nyingi hupoteza uhuru wake pia.

Ipo namna ya tatu, nayo hukaa kwenye rafu ya juu katika baa za hoteli na maduka makubwa. Ni wiski ya Scotland iliyoandikwa single malt. Chupa moja ya wiski hiyo huweza kuuzwa kwa bei ya kreti kadhaa za bia. Wengi wanaoiuza, na hata wanaoibeba kutoka Mombasa au Dar es Salaam hadi Kigali na kuiteremsha Rubavu, hawajui kwamba kinywaji hicho cha heshima kilianza maisha yake kama kanyanga. Kilipikwa mafichoni, kikabebwa usiku na kukwepa maafisa wa ushuru. Mmoja wa watu waliokitoa huko ni mkulima aitwaye George Smith, aliyefariki mwaka 1871. Maisha yake yana mengi ya kumfaa mfanyabiashara wa mpakani.

Azaliwa katika bonde la magendo

George Smith alizaliwa mwaka 1792 katika shamba la Upper Drumin, kwenye bonde la Glenlivet, kaskazini mashariki mwa Scotland. Bonde hilo lilikuwa mbali na miji, limezungukwa na milima, na barabara zake zilikuwa mbovu. Wakazi walilima shayiri na kufuga ng'ombe, na ardhi haikuwa yao. Walipanga kwa Duke wa Gordon na kumlipa kodi ya shamba.

Kodi hiyo ilitoka kwenye wiski. Shayiri ni mzigo mzito na wa bei ndogo, lakini mkulima akiiotesha iwe kimea, akaikausha kwa moto, akaichachusha na kuipika kwenye chungu cha shaba, thamani yake yote huingia katika mapipa madogo mawili yanayobebwa na farasi mmoja. Hesabu hiyo kila msafirishaji anaielewa. Inasimuliwa kuwa bonde hilo peke yake lilikuwa na mitambo ya siri ipatayo 200. Misafara ya farasi ilivuka milima hadi mijini, na wanaume wenye silaha waliilinda. Wenye ardhi walifumba macho, kwa sababu nao walikuwa wanalipwa.

Smith alijifunza useremala na ujenzi, kisha akashika shamba la baba yake. Kama majirani zake, naye alipika wiski bila kibali.

Sheria mbaya yaharibu pombe ya halali

Hapa yafaa kueleza jambo linaloweza kumshangaza msomaji. Katika miaka hiyo wiski ya magendo ilisifiwa kwa ladha kuliko ile ya halali, na sababu ilikuwa namna ushuru ulivyotozwa.

Kwa miaka mingi wapikaji wenye leseni wa nyanda za chini za Scotland walitozwa ushuru kwa ukubwa wa mtambo, si kwa kiasi cha pombe kilichotoka. Kwa hiyo kila mmoja alipika haraka iwezekanavyo, mara nyingi kwa siku, ili ushuru ule ule utoe pombe nyingi zaidi. Wiski ikatoka chafu na kali. Kisha mwaka 1814 serikali ikapiga marufuku mitambo ya chini ya galoni 500 katika nyanda za juu. Mkulima wa bondeni hakuwa na shayiri ya kulisha mtambo mkubwa hivyo, wala soko la karibu la kuuzia. Miaka miwili baadaye kiwango kilishushwa hadi galoni 40, lakini magendo yalikuwa yameota mizizi.

Mpikaji wa siri hakuwa na haraka ya namna hiyo. Alitumia chungu kidogo na moto wa polepole, akatenga pombe ya mwanzo na ya mwisho, akabakiza ya katikati. Jina la Glenlivet likaenea kwa midomo ya wanywaji, bila tangazo hata moja. Chema chajiuza.

Mfalme apelekewa mzigo usio na ushuru

Mwezi Agosti 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh, akataka wiski ya Glenlivet. Mwanamke mmoja wa ukoo wa wenye ardhi, Elizabeth Grant wa Rothiemurchus, alieleza baadaye katika kumbukumbu zake kwamba ni yeye aliyeagizwa kuitoa katika stoo ya baba yake. Alikumbuka kwamba ilikuwa imekaa muda mrefu katika pipa la mti hadi ikawa laini, na kwamba ilikuwa na ladha halisi ya magendo. Aliamini zawadi hiyo ilimsaidia baba yake, aliyekuwa mbunge, kupata ujaji nchini India.

Kwa hiyo mtu wa kwanza katika nchi alikunywa pombe ambayo ushuru wake haukuingia katika hazina yake mwenyewe. Ilikuwa wazi kwamba sheria iliyopo haifuatwi na yeyote, mkubwa wala mdogo. Inaelezwa kwamba Duke wa Gordon alizungumza bungeni akitaka ushuru upunguzwe ili wapikaji waweze kuwa halali, na akaahidi kwamba wenye ardhi wangesaidia kuyakomesha magendo.

Sheria mpya ilipitishwa mwaka 1823. Leseni iliwekwa pauni 10 kwa mwaka. Ushuru ulishushwa kwa zaidi ya nusu, hadi shilingi 2 na peni 3 kwa galoni, na ukatozwa kwa pombe iliyopikwa hasa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mpikaji mdogo aliweza kupiga hesabu za halali na kubaki na faida.

Bastola mbili kiunoni

Mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 32, Smith alikuwa wa kwanza bondeni kuchukua leseni. Alijenga kiwanda palepale Upper Drumin.

Majirani walimwona msaliti. Maelfu ya galoni zilipita bila ushuru, familia nyingi zilikula kwa njia hiyo, na sasa mwenzao alikuwa amewafungulia maafisa mlango. Walimwambia wazi kwamba watakichoma kiwanda chake naye akiwa ndani. Halikuwa tishio la mdomo tu, kwani mwaka 1825 kiwanda kimoja chenye leseni upande wa Mto Dee kilichomwa moto. Wengine waliojaribu kumfuata Smith katika bonde lake walitishwa hadi wakaacha.

Kabaila wa Aberlour alimpa Smith bastola mbili. Kwa miaka kadhaa alitembea nazo kiunoni mchana, na usiku alilinda kiwanda pamoja na watu wachache wenye silaha. Mapipa yake yalivuka milima ileile iliyotumiwa na misafara ya magendo, na hatari sasa haikutoka kwa afisa wa ushuru bali kwa majirani.

Tusiwahukumu haraka majirani hao. Walikuwa wapangaji maskini ambao sheria za nyuma ziliwafungia kila njia ya halali. Lakini muda haukuwa upande wao. Ushuru ulipokuwa wa kulipika, na wenye ardhi walipoacha kufumba macho, faida ya magendo ilipungua mwaka hadi mwaka. Ndani ya miaka michache biashara ile ya usiku ilikuwa imefifia.

Barabara, wakala na reli

Leseni ilimpa Smith kitu ambacho mpikaji wa siri hawezi kuwa nacho, yaani muda. Mwenye mzigo wa magendo lazima auuze upesi. Hapa kwetu hakuna anayeweza kuweka kanyanga ghalani miaka 12 akisubiri ikomae. Smith aliweza kuyaacha mapipa yake yakae, na pombe ikanywea ladha ya mti.

Leseni ilimpa pia soko la wazi. Katika miaka ya 1840 kampuni ya Andrew Usher ya Edinburgh ilikuwa wakala wake. Mwaka 1853 Usher alitoa mchanganyiko wa wiski za Glenlivet za umri mbalimbali, ambao ulikuwa miongoni mwa wiski za kwanza kuuzwa kwa ladha isiyobadilika kutoka chupa hadi chupa.

Mahitaji yalizidi uwezo wa shamba la zamani. Mwaka 1859 kazi ilihamia kiwanda kikubwa zaidi cha Minmore, karibu na chemchemi ya maji inayojulikana kama Josie's Well. Mwaka 1863 reli ya bonde la Mto Spey ilifunguliwa na kuweka stesheni Ballindalloch, kilomita kadhaa kutoka kiwandani. Safari ndefu ya farasi hadi bandarini ikabaki kuwa safari fupi ya mkokoteni hadi kwenye behewa.

Jina laibiwa

Mafanikio yalileta tatizo jipya. Wapikaji wengine wa Scotland, wakiwemo walio mbali kabisa na bonde hilo, walianza kuandika Glenlivet kwenye mapipa yao. Watu wakatania kwamba lile ndilo bonde refu kuliko yote nchini.

George Smith hakuuona mwisho wa ugomvi huo. Alifariki mwaka 1871 akiwa na umri wa karibu miaka 80. Mwanawe, John Gordon Smith, aliupeleka mahakamani. Mwaka 1884 ikaamuliwa kwamba kiwanda cha familia ya Smith pekee ndicho kitakachojiita The Glenlivet. Wengine waliruhusiwa kulitumia neno hilo baada ya jina lao wenyewe, likiunganishwa kwa kistari. Kesi kama hiyo isingeweza kufunguliwa na mtu wa magendo, kwa sababu asiye na leseni hana jina la kutetea mbele ya hakimu. Tangu mwaka 2001 kiwanda hicho kimo mikononi mwa kampuni ya Ufaransa ya Pernod Ricard.

Kuonja na kusoma lebo

Kwa wauzaji wetu, urithi wa Smith unafaa kueleweka kwa ulimi na kwa macho. Single malt ya Scotland maana yake ni wiski ya kimea cha shayiri peke yake, iliyopikwa katika kiwanda kimoja, ikakaa katika pipa la mwaloni si chini ya miaka 3, na yenye kilevi kisichopungua asilimia 40. Namba 12 kwenye lebo ina maana kwamba wiski changa kuliko zote ndani ya chupa ina miaka 12.

Waonjaji hutumia glasi yenye mdomo mwembamba. Hunusa kwanza, huonja kidogo, kisha huongeza matone ya maji na kuonja tena. Wiski za bonde la Spey hujulikana kwa harufu ya matunda na asali. Nyingi za kisiwa cha Islay huwa na moshi mzito, kwa sababu kimea chake hukaushwa kwa udongo wa bwawani unaochomwa kama kuni.

Zipo pia chupa za pipa moja, zinazoandikwa single barrel. Kinywaji cha Blanton's cha Kentucky, Marekani, kilianza kuuzwa kwa namna hiyo mwaka 1984. Chupa zote za pipa moja hutoka humo tu, kwa hiyo chupa za namba tofauti huweza kutofautiana ladha. Usimwahidi mteja kwamba ya mwezi ujao itakuwa sawasawa na ya leo.

La mwisho ni la kukuokoa na hasara. Tangu Novemba 2012, sheria inataka single malt ya Scotland ifungwe kwenye chupa hukohuko Scotland. Ukiletewa mzigo wa bei ya chini ambao lebo yake inasema ulijazwa nchi nyingine, huo si mzigo halali. Kataa.

Funzo kwa mpaka wetu

Maisha ya Smith yana funzo kwa pande mbili. Serikali ya Uingereza ilishindwa kumaliza magendo kwa bunduki na faini, ikafanikiwa iliposhusha gharama ya kuwa halali. COMESA ilipoanzisha utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo wa mipakani, lengo lilikuwa hilohilo.

Kwa mfanyabiashara, funzo ni kwamba ubora peke yake haukutosha. Wapikaji wote wa Glenlivet walikuwa na ladha nzuri, lakini aliyekuwa na karatasi ndiye aliyeweza kusubiri pipa likomae, kuweka wakala mjini, kupakia kwenye reli na kulitetea jina lake mahakamani. Majirani zake wengi walipika vizuri kama yeye, na leo hakuna chupa inayobeba majina yao.