Koo la mtoto na milango ya moyo: maisha ya Bobby Darin

Hapa Kinyerezi ninakotibu, mtoto akilalamika koo, wazazi wengi humpa ndimu na asali, wakasubiri. Mara nyingi hupona. Leo nikusimulie habari za mwanamuziki Bobby Darin, ujue kwa nini nasisitiza umlete apimwe.

Alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1936, katika familia maskini. Akiwa na miaka 8 alianza kuugua homa ya rumatiki, ikamrudia mara kadhaa. Homa hii huja wiki 2 au 3 baada ya maambukizi ya bakteria kwenye koo yasiyotibiwa. Viungo huvimba na kuuma, na kinga ya mwili hugeuka kuushambulia moyo. Miaka ile penisilini ilikuwa bado adimu.

Moyo una milango 4, yaani valvu, inayoruhusu damu kwenda mbele tu. Ikiharibika, huugua kwa namna kuu 2. Mlango uliosinyaa haufunguki vizuri, hivyo damu hupita kwa shida. Unaovuja haufungi sawasawa, hivyo damu hurudi nyuma. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Moyo huelemewa: mgonjwa huchoka haraka, hukosa pumzi akilala chali, miguu huvimba.

Darin alijua hana maisha marefu, akafanya kazi kwa haraka. Mwaka 1959 wimbo wake ulishika namba moja Marekani. Mwaka 1971 aliwekewa valvu 2 za bandia. Mwaka 1973 alitibiwa meno bila kumeza dawa ya kuzuia maambukizi. Bakteria wakaingia kwenye damu, wakashambulia valvu. Alifariki Desemba 20 mwaka huo, baada ya upasuaji mwingine, akiwa na miaka 37.

Kwa hiyo, mzazi, mtoto mwenye homa na koo linalouma bila mafua wala kikohozi mpeleke zahanati, na dawa atakazopewa azimalize. Kama aliwahi kuugua homa ya rumatiki, asikose sindano yake ya penisilini kila wiki 3 au 4, hata akionekana mzima. Nawe mwenye valvu ya bandia, mwambie daktari wa meno kabla hajakugusa.

Valvu hubadilishwa hapa hapa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili. Lakini tukilitibu koo mapema, mwanao huenda asihitaji kufika huko.