Wallace Carothers: Alikiweka kando, leo tunakitafuta

Mswaki uliotumia asubuhi huenda una nyuzi za nailoni. Aliyeongoza kazi ya kuiunda nailoni ni Mmarekani Wallace Carothers. Lakini leo, msomaji, tuzungumzie kile alichokiweka kando.

Alizaliwa 1896 mjini Burlington, Iowa. Babake alifundisha chuo cha biashara, naye kijana akaanza na uhasibu kabla ya kuhamia kemia. Alikuwa moto kweli: akiwa bado mwanafunzi wa Tarkio College, alipewa kazi ya kufundisha wenzake. Alipata uzamifu Chuo Kikuu cha Illinois 1924, akafunza Harvard, kisha 1928 akajiunga na kampuni ya DuPont, Wilmington.

Enzi hizo wanakemia walibishana: je, mpira na hariri ni molekuli ndefu mno, au ni vijimolekuli vilivyorundikana tu? Carothers aliamua kuiunda molekuli ndefu mwenyewe, akiunganisha asidi na alkoholi pete kwa pete, kama mkufu. Hiyo ndiyo poliesta. Mnamo 1930 mwenzake, Julian Hill, aliivuta ikiwa moto ikatoka uzi. Uzi ulipopoa akauvuta tena, ukawa imara na wa kung'aa kama hariri.

Shida ikawa joto. Poliesta hizo ziliyeyuka hata kabla ya nyuzijoto 100. Hebu fikiria shati linaloyeyuka ukilipiga pasi! Pia alichunguza poliesta ya asidi ya laktiki, asidi ileile inayofanya maziwa kuwa mala. Zote hazikufaa nguo. Akageukia kemikali nyingine, na Februari 1935 nailoni ikapatikana.

Sasa ona mambo yalivyogeuka. Plastiki zimejaa mitoni, na Kenya ilipiga marufuku mifuko yake 2017. Wanasayansi wakazirudia poliesta zile, kwa kuwa maji na vijidudu huweza kukata pete zake zikaoza. Udhaifu umekuwa sifa.

Kasoro bado zipo. Poliesta ya asidi ya laktiki ni ngumu lakini huvunjika kama biskuti, na hulegea ikifika nyuzijoto 60 hivi, yaani chai moto tu. Binamu yake, polikaprolaktoni, ambayo pia ilichunguzwa na kikosi cha Carothers, hunyumbulika sana ila huyeyuka karibu na nyuzijoto 60. Ukizichanganya, moja huchangia ugumu, nyingine ulaini. Ila hazipatani vizuri, ni kama mafuta na maji, hivyo mara nyingi hutiwa kitu cha tatu cha kuzishikanisha. Na usidhani ukiitupa mtaroni itaoza kesho: ile ya laktiki huhitaji mboji yenye joto kali.

Carothers hakuyaona haya. Kwa miaka mingi aliugua msongo mzito wa mawazo. Mnamo 1936 alichaguliwa katika Akademia ya Kitaifa ya Sayansi ya Marekani, lakini bado alijiona ameshindwa, ameishiwa na mawazo mapya. Januari 1937 dadake akafariki. Aprili 29, siku mbili baada ya kutimiza miaka 41, alijitoa uhai. Bintiye alizaliwa Novemba. Soksi za nailoni zilifika madukani kote Marekani 1940.

Alijihukumu mapema, kazi yake ikiwa bado changa. Ukijiona nawe umefika mwisho, usikae na mzigo huo peke yako. Mwambie mtu unayemwamini, leo.